Pomboo Aachwe Baharini

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona kijitabu cha Haki na Amani kikimzungumzia pomboo, ilhali wapo wanadamu wanaolala njaa. Lakini huko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo na riziki ya mwanadamu ni mambo yasiyotengana. Hadi mwaka 1996 wavuvi wa pande hizo walikuwa wakimwinda pomboo, na nyama yake ikawa chambo cha kuvulia papa. Wageni wa kumtazama akiwa hai walikwisha kuanza kufika mwaka 1992, hata kwa miaka michache kazi hizo mbili zikaenda pamoja katika maji yale yale. Kijiji kikang'amua kwamba pomboo aliyeuawa huliwa mara moja, naye aliye hai huonyeshwa leo na kesho.

Kwa sababu hiyo napinga biashara ya kumkamata na kumfungia bwawani. Mwaka 2003 pomboo 28 walisafirishwa kwa ndege kutoka Visiwa vya Solomon hadi Cancún, nchini Meksiko, kwa ajili ya kuwaburudisha watalii. Katika biashara ya namna hii mvuvi huuza mara moja tu. Mwenye bwawa hukusanya viingilio mwaka hata mwaka. Naye pomboo, aliyeumbwa kusafiri mbali na kumtambua mwenziwe kwa mluzi wake, huzungukia kuta zile zile na kulishwa samaki waliokwisha kufa. Yasemwa kwamba watoto hujifunza kwa kumwona. Hujifunza nini, kama si kwamba kiumbe cha Mungu chaweza kunyang'anywa bahari ili sisi tupige makofi? India ilikataa mabwawa hayo mwaka 2013, na Meksiko yenyewe ikapitisha sheria ya kukataza maonyesho hayo mwaka 2025.

Hata hivyo sisi watazamaji tusijihesabie haki. Nimewahi kupanda mashua huko Kizimkazi, na ni mimi niliyemhimiza nahodha asogee. Alisita kidogo, kisha akasema, "Haya, Padri, ukitaka nitasogea." Mashua nyingine zikatufuata, tukamzingira mama na mwanawe, na watu wakajitupa majini mbele yao. Wataalamu waliochunguza pomboo wa maji hayo wameonyesha kwamba mashua zikiwepo, pomboo hupunguza kupumzika na kula, wakazidi kusafiri tu. Mama anyonyeshaye atapata wapi nguvu?

Eneo hilo limo katika Hifadhi ya Ghuba ya Menai tangu mwaka 1997, lakini si rahisi kwa nahodha kumkatalia mgeni ambaye fedha zake ndizo chakula cha jioni. Wajibu, basi, ni wa mlipaji kwanza. Nikijaliwa kurudi, nitamwomba nahodha apunguze mwendo, akae mbali, asiwakatie njia. Na tukirejea pwani bila kumwona hata mmoja, nitamlipa nauli yake kamili.