Kamera ya ordinatere: kazi ingali nusu

Baba iko Kolwezi ku mine, jamaa iko Lubumbashi: wanaonana kwa ordinatere ya Linux, programu ya bure. Lakini chini ya taa ya neon sura inacheza-cheza. Kamera haikuharibika: umeme wa Kongo ni hertz 50, na kamera zingine zinaanza na 60. Tangu 2008 Linux iko na uvcvideo, yenye kuongoza kamera za USB. Kwa kubadilisha namba ile kuko v4l2-ctl, lakini ni amri za kuandika. Mama wa nyumba atazijulia wapi? Guvcview imeleta vifungo, ni vizuri. Sisi tunaona vifungo havitoshi: programu iulize inchi, iweke 50 yenyewe, na kesho isisahau.