Kabla hujajenga uani, tazama dirisha la chumba cha mtoto

Umepokea fedha za mchezo, au mpangaji amekulipa kodi ya miezi sita kwa mpigo, na jicho lako linakwenda kwenye kile kiwanja kidogo cha nyuma. Hapa vinakaa vyumba viwili na choo, unajiambia. Fundi anakuja, anapima kwa hatua za miguu, anakutajia idadi ya tofali na mifuko ya saruji. Wiki inayofuata msingi unachimbwa. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyeuliza mtoto anayelala chumba cha nyuma atapata hewa kutoka wapi.

Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ya Dar es Salaam ni zile za vyumba vilivyotazamana, korido katikati, uani nyuma. Chumba kina dirisha moja tu. Ukisogeza ukuta mpya hadi hapo, dirisha hilo sasa linafungukia ndani ya chumba kingine, na dirisha la namna hiyo halina kazi tena isipokuwa kupitisha mazungumzo ya mpangaji. Jirani naye akijenga hadi kwenye mpaka, giza linaingia saa nane mchana.

Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu ambaye hajaanza dawa anapokohoa, vimelea hubaki vikielea hewani kwa saa kadhaa. Upepo unaoingia na kutoka huvipunguza, na jua huviua. Chumba kilichozibwa hakina upepo wala jua. Mtoto wa chini ya miaka mitano ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa kwake ugonjwa huweza kuhama kutoka mapafuni hadi kwenye utando wa ubongo. Ongeza jiko la mkaa lililohamishiwa koridoni kwa sababu uani hakuna nafasi tena: moshi huchochea nimonia kwa watoto, na ile hewa ya sumu ya mkaa, isiyo na harufu, huua watu wakiwa usingizini.

Nafasi inayoachwa kati ya nyumba na mpaka ina kazi nyingine ambayo watu huikumbuka wakati wa masika. Gari la kunyonya maji taka linahitaji njia, au angalau mpira wake uweze kufika shimoni. Wapo wanaojenga chumba juu ya mfuniko wa shimo lenyewe! Shimo likijaa hakuna pa kulinyonyea, na mvua kubwa ya kwanza watu wanatapisha choo usiku ili uchafu uende na maji mtaani, kule kule wanakocheza watoto wao. Kipindupindu hakihitaji mwaliko mwingine. Na kama uani kuna kisima, choo kipya kikae umbali wa mita 30 au zaidi, tena upande wa chini ya kisima, si wa juu. Kiwanja kikiwa kidogo kiasi kwamba umbali huo haupatikani, basi choo kipya hakina mahali hapo, hata fundi aseme nini.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali kabla ya kuendeleza ardhi mjini, na kuongeza vyumba kumo humo. Wengi huchukulia kibali kama tozo tu. Lakini ramani yako ikifika halmashauri, miongoni mwa wanaoipitia ni afisa afya, na yeye ndiye anayetazama madirisha, choo na njia ya maji. Ni ushauri wa kitaalamu unaoukimbia.

Nikiri upande wa pili. Mama mwenye chumba kimoja cha kuongeza hupewa mlolongo ule ule wa michoro na sahihi anaopewa mwenye ghorofa. Anachoka, anajenga Jumamosi na Jumapili, kisha watu wa halmashauri wanakuja kuchora X nyekundu wakati bati limeshapigwa. Halmashauri zingemtuma afisa afya mtaani kabla ya msingi, pamoja na ramani rahisi za chumba kimoja zilizokwisha kupitishwa, zingeokoa vifua vingi kuliko rangi ile. Hadi hilo litakapofanyika, pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize namna ya kumpata afisa afya wa kata. Mwonyeshe uani kabla hujanunua tofali.

Kama umeshajenga, usibomoe kwa hasira. Toboa dirisha upande wa pili unaotazama nje, au ondoa mistari miwili ya tofali za juu uweke tofali za matundu, juu pande mbili ili hewa ipite. Usiyazibe kwa maboksi wakati wa baridi. Jiko lirudi nje, hata chini ya kibanda cha bati kisicho na kuta.

Na kama ndani ya nyumba hiyo kuna anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, nendeni kituo cha afya. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Mtoto anayelala naye apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama hakohoi, na mhudumu aelezwe kwamba wanalala chumba kimoja, ili achunguzwe na ikibidi apewe dawa ya kinga.