Mgongo wazi, kichwa kikubwa na maneno ya watu

Mtoto akizaliwa na uvimbe wa maji mgongoni, au kichwa kikianza kuupita mwili kwa kukua, maneno hufika nyumbani kabla ya barua ya rufaa. Ubaya wake ni kwamba yanamchelewesha mtoto, na kwa tatizo hili kuchelewa ndiko kunakoharibu.

Wa kwanza kushutumiwa ni mama. Eti alimcheka mlemavu, au kuna mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa wana mimba. Usipojifunga vizuri, mgongo hubaki wazi. Asidi ya foliki husaidia ujifunge, lakini anayeanza kliniki mimba ina miezi minne hupewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye asidi hiyo, wakati kazi hiyo imekwisha zamani. Ndiyo maana mwaka 2011 Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi, ikiwemo asidi hiyo, kwenye unga wa viwanda vikubwa. Unga unaosagwa kwenye mashine za mtaani, ambao ndio ugali wa wengi, ukabaki vilevile. Anayetafuta wa kumlaumu aanzie hapo, amwache mama wa watu apumzike.

Wengine husema kichwa kikiwa kikubwa, akili hamna. Kichwa hukua kwa sababu maji ya ubongo, ambayo kila mtu anayo, yamekosa njia, na mifupa ya fuvu la mtoto mchanga bado haijashikana. Yakipunguzwa mapema, ubongo hupata nafasi ya kukua. Kugundua mapema hakuhitaji mashine ya gharama: tepu tu, kichwa kipimwe kila hudhurio na kipimo kiandikwe kwenye kadi. Namfahamu binti mmoja aliyefungwa mgongo akiwa mchanga sana, kisha akawekewa mpira wa kutoa maji. Yuko darasa la nne. Hesabu zinampa taabu, kama ilivyo kwa wengi wenye hali hii, ila kwa kusoma na kubishana hana mpinzani nyumbani kwao.

Kuhusu mpira huo, wanaosema utamuua wameshika kipande cha ukweli. Hupita chini ya ngozi kutoka vyumba vya ubongo hadi tumboni, ambako maji hufyonzwa na mwili. Unaweza kuziba au kupata maambukizi, hasa miezi ya mwanzo. Mtoto akitapika mfululizo, akasinzia kupita kawaida, utosi ukatuna au macho yakaelekea chini, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, si ya kesho. Lakini kumwacha na maji ni hatari kubwa zaidi. Na mpira si njia pekee. Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliendeleza upasuaji wa kuyatobolea maji njia ndani ya ubongo bila kuacha mpira mwilini. Utafiti uliofanyika hukohuko kwa watoto 100, ukachapishwa 2017, haukuona tofauti ya maana ya ukuaji wa akili kati ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja.

“Kama wamemtibu, mbona kila mara anarudi?” Kwa sababu mgongo ukishafungwa, neva zilizoumia hazirudi zilivyokuwa. Miguu inataka mazoezi, na kwa kuwa kibofu nacho huathirika, figo zinataka kuangaliwa maisha yote.

Shuleni nako huambiwa hafai, anajikojolea. Tangu 1972, daktari Jack Lapides wa Marekani alipoonyesha kuwa mpira wa mkojo unaweza kutumika ukiwa safi tu, bila masharti ya chumba cha upasuaji, jambo hili lina jibu: kutoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa chache. Hulinda figo, na watoto wengi hujifunza kujifanyia wenyewe. Shule itoe choo chenye mlango na maji ya kunawa.

La mwisho huambiwa mume faraghani: mwanamke huyu atazaa hivyohivyo. Uwezekano huongezeka, lakini zaidi ya 9 kati ya 10 wa wadogo wa mtoto huyo huzaliwa bila tatizo hili. Utafiti wa Uingereza wa 1991 ulionyesha kuwa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku, zikianzwa kabla ya mimba, hupunguza kujirudia kwa asilimia 72. Kipimo hicho ni kikubwa kuliko cha kawaida, hivyo amwone daktari kabla hajabeba mimba nyingine.