Kura ya Afya Huhesabiwa Dirishani

Juzi mimi na baba tulikuwa tukitazama mjadala kwenye runinga. Wachambuzi wanne waliovalia suti walikuwa wanabishana kuhusu bima mpya ya afya. Mmoja alisema imempandisha rais. Mwingine akasema imemshusha. Wa tatu akasema ni mapema, tungoje 2027. Wa nne alikuwa na chati. Baba, ambaye tangu apigwe na kiharusi huongea polepole na hapotezi maneno, akauliza, "Kwani mgonjwa ni rais?"

Sikuwa na jibu. Nikazima runinga.

Hivi ndivyo tulivyozoea. Rais mpya akipeleka mswada mkubwa wa afya bungeni, tunaufuata kama mechi ya Gor na Ingwe: nani kafunga, nani kafungwa, kocha atabaki au atatimuliwa. Mswada wenyewe, yaani nani atatibiwa, kwa pesa za nani na kuanzia lini, unabaki nje ya uwanja. Mimi nasema hesabu hiyo ni ya uongo, na uongo huo una madhara. Rais anayeamini kwamba kura ya afya ni sifa yake binafsi ataikimbia akiona itamgharimu, au ataikimbiza akiona itampamba. Sisi Wakenya tumeonjeshwa yote mawili.

Lakini wacha nianze na Marekani, kwa sababu huko kura ya aina hii huhesabiwa jina kwa jina, na rais mwenyewe tulikuwa tukimwita mtoto wetu. Obama aliposhinda mwaka 2008, Rais Kibaki alitangaza Novemba 6 kuwa sikukuu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nikafurahi kubaki nyumbani.

Obama aliingia ofisini akipendwa mno. Angeweza kukaa na sifa zake akastarehe. Badala yake aliamua kupigania sheria ya bima ya afya, na kadiri mswada ulivyokaa bungeni ndivyo umaarufu wake ulivyopungua. Usiku wa Machi 21, 2010, mswada ukapita kwa kura 219 dhidi ya 212. Hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeuunga mkono, na wabunge 34 wa chama chake mwenyewe waliukataa. Novemba mwaka huo chama chake kikapoteza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Wapinzani wakaibandika sheria jina lake kwa dharau, Obamacare. Ungewauliza wachambuzi wa suti wakati ule, wangekuambia jamaa amekwisha.

Hakuwa amekwisha. Mwaka 2012 alichaguliwa tena. Ila mtihani wake halisi ulikuja Oktoba 1, 2013, siku tovuti ya kununulia bima ilipofunguliwa, ikakwama papo hapo. Sasa waliokasirika walikuwa watu walioitaka bima yenyewe, na hawakuweza kuingia. Umaarufu wake ukashuka tena, na Novemba akaomba radhi hadharani kwa walioambiwa watabaki na bima zao za zamani kisha wakazipoteza. Tovuti ikatengenezwa, mamilioni wakajisajili. Kampuni za bima hazikuweza tena kumkataa mtu kwa sababu alikuwa mgonjwa tangu zamani. Kijana aliruhusiwa kukaa kwenye bima ya mzazi wake hadi afikishe miaka 26. Mimi nina 25.

Kisha akaja Donald Trump, naye rais mpya, naye na kura yake ya afya: kuifuta ya Obama. Mei 2017 Baraza la Wawakilishi likaupitisha mswada wake kwa 217 dhidi ya 213, na wabunge wakaenda kusherehekea naye Ikulu. Julai, zamu ya Seneti ikafika. Ilikuwa kama saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 28. John McCain, seneta wa chama cha Trump mwenyewe, aliyekuwa ametangaza siku chache tu kabla kwamba ana saratani ya ubongo, alinyoosha mkono na kuelekeza kidole gumba chini. Kura 49 kwa 51. Mswada ukafa.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Sheria iliyomtoa Obama jasho mwaka 2010 ndiyo iliyomshinda Trump mwaka 2017. Kati ya kura hizo mbili, watu walikuwa wameenda dirishani na wamehudumiwa. Mtu akishatibiwa, huwezi kumwambia kwamba dawa aliyokunywa haikuwepo.

Sasa turudi nyumbani.

Mwai Kibaki aliapishwa Desemba 30, 2002, akiwa kwenye kiti cha magurudumu na plasta mguuni, baada ya ajali ya barabarani iliyompeleka London kutibiwa. Kama kuna rais aliyeingia madarakani akikijua kitanda cha hospitali, ni yeye. Waziri wake wa Afya, Charity Ngilu, alileta mswada wa bima ya afya ya kitaifa, bima ya kila mtu, maskini wakilipiwa na serikali. Desemba 2004 Bunge likaupitisha. Kibaki hakutia sahihi. Sababu zilitolewa, kubwa ikiwa gharama, na sisemi kwamba zilikuwa za kubuni. Lakini mswada ulirudishwa, ukalala, na haukuamka tena.

Je, Kibaki alishuka? Wapi! Uchumi ulikua, barabara zikajengwa, na hadi leo watu wengi humtaja kwa heshima. Kwenye chati ya mchambuzi wa suti, mswada ule haumo kabisa. Gharama yake ililipwa na watu wengine.

Mmoja wao ni baba. Machi 2021 alianguka kazini, kwenye mjengo, mkono wa kushoto ukiwa umekufa ganzi. Kadi yake ya bima ilikuwa imelala: korona ilipoingia kazi ya mjengo ilikatika, na michango ikakatika nayo. Alilazwa wiki tatu katika hospitali ambayo sitaitaja. Daktari alipomruhusu kwenda nyumbani, dirisha la malipo halikumruhusu. Tukafungua kikundi cha WhatsApp. Mjomba akawa mwekahazina, mimi nikawa karani, na kila jioni nilituma orodha mpya ya waliochanga. Shangazi, 2,000. Jirani wa mlango wa pili, 300. Mama wa kibanda cha mboga, 200. Nambari 47 aliomba nisiandike jina lake: 100. Orodha hiyo ndiyo maandishi yangu ya kwanza kusomwa na watu zaidi ya mia. Pengo lililobaki lilizibwa na karo yangu ya muhula. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nikasema nitarudi Septemba.

Mswada ule ulipopita bungeni nilikuwa na miaka minne. Ungetiwa sahihi, sheria ingekuwa imepata miaka kumi na sita ya kukosea na kurekebishwa kabla baba hajaanguka. Sidai ingekuwa nzuri. Nadai ingekuwepo.

William Ruto alifanya kinyume. Kibaki aliikimbia kura ya afya, Ruto akaikimbiza. Oktoba 19, 2023, mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi baada ya kuapishwa, alitia sahihi sheria nne za afya, siku moja kabla ya sherehe za Mashujaa kule Kericho. Bima ya zamani, iliyokuwepo tangu 1966, ikapewa kwaheri. Mwajiriwa akatwe asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Asiye na mwajiri akadiriwe kipato, kisha alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi hulipwa makala kwa makala. Mwezi huu nina 20,000, mwezi ujao nina deni la Fuliza. "Mwaka mzima kwa mkupuo" ni lugha ya mtu mwenye akiba.

Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria tatu kati ya hizo zinakiuka Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba 1, 2024, mpango ukaanza. Tarehe ile ile ya tovuti ya Obama, miaka kumi na moja baadaye, na habari zikawa zile zile: foleni, mitambo kukwama, wagonjwa kuambiwa wangoje.

Lakini kuna tofauti, na hiyo ndiyo inayoniuma. Obama alibishana na nchi yake kwa mwaka mzima, na Mmarekani yeyote aliyetaka kujua mbunge wake alipiga kura gani alijua. Wewe hebu niambie: mbunge wako alisemaje kuhusu bima ya afya mwaka 2023? Hujui. Hata mimi sijui, na mimi ndiye ninayeandika.

Tusiseme kwamba hatuwezi kujua. Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Majina tulikuwa nayo. Nambari za simu tulikuwa nazo, tukawapigia waheshimiwa na kuwaandikia hadi wakalia kwamba simu zao hazishikiki. Vijana wa rika langu wakafika hadi ndani ya Bunge, na wengine hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata rais akakataa kutia sahihi. Kwa hiyo kura iliyomtikisa rais wetu mpya ilikuwa ya kodi. Ile ya afya, ambayo nayo inakata pesa kila mwezi, ilipita tukiwa tumelala. Halafu tunashangaa kwa nini dirishani mambo ni yale yale.

Majibu nayajua. Ati angalau Ruto amethubutu. Kweli, nampa haki yake: sheria yenye kasoro ni afadhali kuliko iliyofungiwa kabatini, maana yenye kasoro unaweza kuibishia. Ati Marekani ni tajiri. Kweli pia, ingawa utajiri huo haukuzuia mtu kufilisika kwa bili ya hospitali. Ati wewe uliyeacha chuo unajua nini kuhusu sera? Najua kitanda kinaendelea kuhesabiwa siku hata baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Najua mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwamba wanaopiga kura ya bima yetu wana bima yao nyingine, inayolipwa na sisi.

Kwa hivyo rais akija na mswada wa afya, huyu au atakayeingia 2027, msiniulize kama atapanda au atashuka. Niulizeni fundi wa mjengo aliyekosa kazi miezi mitatu ataingiaje. Nani atamlipia? Hospitali italipwa lini, ili isiwe na sababu ya kumfungia mlango? Na orodha ya waliosema ndiyo iko wapi? Rais akiweza kujibu hayo, apande hadi mawinguni, sina neno.

Baba siku hizi hutembea kwa bakora, na mkono wa kushoto unaanza kushika kikombe. Ile orodha ya waliochanga bado ninayo kwenye simu, hadi nambari 47. Kwenye simu hiyo hiyo kuna nambari ya mbunge wetu, niliyoihifadhi Juni 2024. Sijawahi kumpigia kuhusu afya. Makala haya yakitoka nitampigia. Nadhani na wewe ya wako bado unayo.