Aliyeiweka aeleze namna ya kuitoa
OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, huongezewa uwezo kwa moduli, na kuna zinazoandikwa na watu wasiolipwa hata senti. Nawashukuru kwa dhati. Lakini ukiiondoa moduli, faili lake la .omod linatoka, majedwali iliyoyaunda yanabaki kwenye hifadhidata, na fundi hajui lipi afute na lipi lina taarifa za mgonjwa. Wa Nairobi atapata wa kumuuliza. Wa kituo cha afya kijijini, tuseme Ryansoro mkoani Gitega, Burundi, amuulize nani? Kujitolea hakumlazimishi mtu kupokea simu za usiku. Mistari mitano ya kuelekeza uondoaji, hiyo mwandishi wa moduli anadaiwa, na aiandike siku ileile anapoichapisha moduli, kwa Kifaransa pia.