Ufito wa kwanza wa mtoto

Wazazi wenzetu, anayetaka kumfundisha mwanawe kuvua trauti kwa nzi wa bandia, kama wanavyovua jirani zetu kwenye mito ya Mlima Kenya, asimnunulie ufito mfupi wa kuchezea. Uvuvi huu hauna chubwi. Uzito wa mshipi ndio unaomrusha nzi, na lazima ufito ujipinde ndipo uusukume. Ule wa kuchezea ni mkavu; mshipi unaanguka miguuni, na mtoto anadhani yeye ndiye mzembe. Sisi tunaona futi 8, mshipi namba 5, ufito laini, mpini mwembamba. Wa bei ya kati watosha. Kijino cha ndoana kibinywe kwa koleo, na miwani avae: ndoana hupita karibu na jicho kila anaporusha.