Bekoni 'inaisha'? Kila utani huu ukirudi, angalia bei ya nyama

Septemba 2012, chama cha wafugaji wa nguruwe Uingereza, National Pig Association, kilitoa onyo: mwaka unaofuata dunia itapungukiwa nyama ya nguruwe na bekoni, na hilo haliepukiki.

Mitandao ikalipuka. Kwa kucheka.

Watu wa Uingereza na Marekani walilibatiza janga hilo "aporkalypse", yaani kiama cha nguruwe. Kwao bekoni, ile nyama ya nguruwe inayotiwa chumvi na mara nyingi kukaushwa kwa moshi, ni kifungua kinywa cha kawaida kama chapati na maharage kwa wengine. Utani wa kujaza friza kabla ya kiama ukasambaa kila kona.

Mwaka 2013 ukafika. Bekoni ilikuwepo madukani kama kawaida.

Je, wafugaji walidanganya? Hapana. Ila neno "upungufu" liliwafanya watu waangalie sehemu isiyo sahihi. Walisubiri kuona rafu tupu, wakati shida yenyewe ilikuwa inatembea kwenye bei, tena ilianza bandani miezi mingi kabla.

Kilichotokea 2012

Mwaka huo Marekani ilikumbwa na ukame mkali uliounguza mahindi na soya. Bei ya mahindi kwenye soko la Chicago ikavunja rekodi. Nguruwe wa kisasa anakula mahindi, ngano na soya, na chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote kwa mfugaji.

Chakula kikipanda ghafla, mfugaji ana njia mbili: aendelee kulisha kwa hasara, au auze majike yake ya kuzaa. Wengi walianza kuuza.

Hapo ndipo hesabu inapochanganya watu. Majike yakipelekwa machinjioni, nyama sokoni inaongezeka kwa muda. Mlaji haoni shida yoyote. Lakini mimba ya nguruwe ni siku 114 hivi, na mtoto akizaliwa anahitaji karibu miezi sita kufikia uzito wa kuchinjwa. Kwa hiyo jike aliyeuzwa leo anaacha pengo litakaloonekana baada ya miezi kumi hivi.

Wakati watu wanacheka, mfugaji alishaumia. Wakati bei inapanda, watu walishasahau utani.

Chama kile cha Uingereza kilikuwa na sababu yake ya kupiga kelele: kilitaka supamaketi ziwalipe wafugaji bei inayofidia gharama. Wachumi wa kilimo Marekani nao walisema wazi kwamba nyama haitaisha, itapanda bei tu. Na kweli bekoni ilikuja kupanda Marekani, ikavuka dola 6 kwa ratili, yaani chini kidogo ya nusu kilo, katikati ya 2014. Ila aliyeipandisha zaidi hakuwa ukame. Alikuwa ni kirusi cha kuharisha kilichoingia nchini humo 2013 na kuua mamilioni ya watoto wa nguruwe.

Ohio nao wakajaribu

Mwanzoni mwa 2017 habari ikajirudia. Takwimu za serikali ya Marekani zilionyesha kwamba Desemba 2016 maghala ya baridi yalikuwa na ratili milioni 17.8 tu za tumbo la nguruwe, kama tani 8,000. Kilikuwa kiwango cha chini kabisa tangu 1957.

Ohio Pork Council, baraza la wafugaji wa nguruwe wa jimbo la Ohio, likafungua hadi tovuti maalumu ya "upungufu wa bekoni". Vyombo vya habari vikaidaka fasta.

Kumbe baraza hilohilo lilikuwa linasema nyama haitaisha, ila bei inaweza kupanda. Ghala lilipungua kwa sababu walaji walikuwa wananunua kwa wingi, siyo kwa sababu nguruwe hawapo. Tumbo lililogandishwa ni akiba tu, na bekoni nyingi inatengenezwa kwa nyama mbichi ya kila siku.

Kwa kifupi, hofu ya kuisha ilikuwa tangazo zuri la biashara. Ukiambiwa kitu kinaisha, unakitamani zaidi.

Utani uliowaudhi wafugaji

Oktoba 2021 Uingereza ilikuwa na tatizo la kinyume kabisa: nguruwe walikuwa wengi mno. Baada ya nchi hiyo kutoka Umoja wa Ulaya, na baada ya Covid-19, viwanda vya nyama vilikosa wachinjaji na wakataji, wengi wao wakiwa wafanyakazi kutoka Ulaya Mashariki. Nguruwe wakarundikana mashambani, wakanenepa kupita uzito ambao viwanda vinalipia bei nzuri, huku wakiendelea kula kila siku.

Wafugaji wengine waliwaua nguruwe wazima na kuwatupa.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, alipoulizwa kuhusu hilo kwenye mahojiano, alijibu kwa mzaha, akamuuliza mwandishi kama amewahi kula sandwichi ya bekoni. Hoja yake ilikuwa kwamba nguruwe hufa hata hivyo.

Kwa mfugaji jibu hilo lilikuwa chungu. Nguruwe anayekwenda buchani analipa mkopo, mshahara na chakula cha wenzake. Anayetupwa ni hasara tupu, na hata kumtupa kuna gharama. Siku chache baadaye serikali ilitangaza viza za muda kwa wachinjaji 800 kutoka nje.

China: hapa upungufu ulikuwa wa kweli

Kuna mara moja ambapo mzaha na hali halisi vilikutana. Agosti 2018 China ilithibitisha kuingia kwa homa ya nguruwe ya Afrika. Nchi hiyo ilikuwa na karibu nusu ya nguruwe wote duniani. Kufikia mwishoni mwa 2019 idadi yao ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 40, na Novemba mwaka huo bei ya nyama ya nguruwe ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Serikali ikalazimika kufungua akiba yake ya nyama iliyogandishwa.

Wachina nao wakatania. Kwenye hadithi yao ya kale ya Safari ya Magharibi, mashetani wanamwinda mtawa mmoja kwa sababu anayekula nyama yake haishi milele tu, hata uzee haumpati. Mtawa huyo ana mwanafunzi mwenye sura ya nguruwe. Utani wa mitandaoni ukawa: siku hizi nyama ya mwanafunzi ni ghali kuliko ya mwalimu wake.

Ni kicheko cha mtu anayejua bei ya buchani.

Inahusiana nini na kitimoto?

Inahusiana sana. Homa hiyo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya, mwaka 1921. Kirusi chake kinaishi kwa ngiri bila kuwaumiza, na kinasambazwa pia na papasi. Akikipata nguruwe wa kufugwa, mara nyingi anakufa ndani ya siku chache. Hakimdhuru binadamu, lakini hakina tiba. Mwaka 2007 kiliibuka Georgia, kikasambaa hadi Urusi, kisha China.

Tanzania imeshapambana nacho mara kadhaa, ikiwemo mkoa wa Mbeya. Kukitokea mlipuko, mamlaka huzuia kusafirisha na kuchinja nguruwe eneo husika. Mfugaji mdogo mwenye nguruwe watano anabaki na midomo mitano ya kulisha na hana pa kuuza.

Mtaani utani haujawahi kukosekana. Nyama yenyewe inaitwa kitimoto, mdudu, hata mbuzi katoliki. Lakini nyuma ya jina la kuchekesha kuna hesabu ileile ya Uingereza na Ohio: pumba za mahindi zinauzwaje, mashudu ya alizeti yanauzwaje, na kuna ugonjwa au hakuna.

Maswali matatu ya kujiuliza

Kwa hiyo ukikutana tena na habari kwamba bekoni, kitimoto au nyama yoyote "inaisha", kabla ya kuisambaza kwenye grupu, jiulize:

1. Nani anasema, na anauza nini? Mfugaji anayedai bei nzuri ana haki ya kusikika, ila onyo lake lina shabaha.

2. Chakula cha mifugo kimepanda? Kama ndiyo, bei ya nyama inaweza kubaki vilevile leo na kupanda baadaye.

3. Kuna ugonjwa, au machinjio yamekwama? Hapo hali inaweza kubadilika kwa wiki, siyo miezi.

Rafu tupu ni nadra. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mwenye kipato kidogo anaagiza robo badala ya nusu, na mfugaji mdogo anafunga banda kimyakimya. Hayo mawili hayatengenezewi hashtagi.

Na kwa anayepanga sherehe za mwisho wa mwaka: kitimoto cha Desemba kinategemea jike aliyepandishwa mwezi Februari. Kama Februari mahindi yalikuwa juu na mfugaji akaamua kumuuza jike huyo, jibu la bei lilishapatikana mapema sana.